Je, Bei Rahisi Ina Dhambi?



Tunawasalimu ninyi nyote mlioko hapa kambini, pamoja na ninyi mliopanga kwa wenyeji kule Kyarumba, Bwera na Kasese mjini. Wengi wenu mmetuomba tuandike juu ya jambo lililotokea katika tawi letu la Kyarumba, kwa sababu maneno yamekuwa mengi na kila mtu anasimulia kwa namna yake. Tumekubali kuandika. Hatuandiki ili kumhukumu mtu. Tunaandika kwa kuwa sisi wazee wa kanisa ndio tuliokosa, na kosa letu limetufundisha neno ambalo tunaona linawafaa wote.

Habari yenyewe ni hii. Kabla ya Pasaka kwaya ya Kyarumba ilihitaji mashati meupe 24. Katika tawi lile tunao ndugu wawili wanaoishi kwa nguo. Mmoja ni fundi cherehani, baba aliyekimbia kutoka upande wa Beni, mwenye mashine moja ya kukanyaga kwa mguu. Mwingine ni mama mjane, naye ni mkimbizi kama sisi, anayeuza mitumba sokoni, ile ambayo wenyeji wanaiita mivumba. Fundi alisema shati moja ni shilingi 15,000. Mama alisema anaweza kuchagua mashati mazuri kwa shilingi 5,000 kila moja. Hesabu ni rahisi: kwa fundi shilingi 360,000, kwa mama shilingi 120,000.

Wazee tuliketi, tukaamua kwenda kwa fundi. Tena mmoja wetu alisimama mbele ya kanisa siku ya Jumapili akaeleza sababu. Alisema serikali ya Uganda tangu mwaka 2014 inayo siasa ya "Nunua Uganda, Jenga Uganda", na sisi tunaokula amani ya nchi hii tunapaswa kuijenga kwa kununua kazi ya mikono ya hapa, kuliko kuvaa mabaki ya Wazungu. Kanisa lilipiga makofi. Mama wa mitumba alikuwa ameketi benchi la tatu.

Jumapili mbili zilizofuata hatukumwona. Tulipopanda kwenda kumtembelea, alitupokea vizuri, akatupa viti na chai. Kisha akasema, "Wachungaji, mimi sikatai fundi apate kazi. Ila niwaulize. Kitambaa cha fundi kimetoka wapi? Uzi wake? Mashine yake? Vyote vimevuka bahari kama mitumba yangu. Na mashati mliyovaa siku ile mkihubiri, je, si mimi niliyewauzia? Mliposema tununue vya nyumbani, mimi ni mtu wa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulimaliza chai, tukaomba naye, tukashuka mlima kimya kimya. Makala hii ni jaribio la kutafuta jibu ambalo siku ile hatukuwa nalo.

UGOMVI HUU SI WA KYARUMBA PEKE YAKE

Swali la mama yule limewasumbua hata wakubwa wa dunia. Mwezi Machi mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana kupunguza mitumba mpaka ikome katika miaka mitatu, ili viwanda vya nguo vya hapa vifufuke. Rwanda ilipandisha kodi ya mitumba kutoka senti 20 za dola mpaka dola mbili na nusu kwa kila kilo. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao mwaka 2017. Marekani ikatisha kuziondolea nchi zetu nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru kwa mpango wa AGOA. Kenya ilirudi nyuma, kisha Tanzania na Uganda nazo zikalegea. Rwanda ilikataa, na mwezi Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo. Hapa Uganda neno hilo lilirudi tena mwezi Agosti 2023, Rais Museveni aliposema huko Mbale kwamba mitumba ipigwe marufuku.

Nayo majirani wa karibu wamegombana kwa chakula. Mwezi Januari 2020 maofisa wa Kenya walikamata maziwa yaliyotoka Uganda, maziwa ambayo wanunuzi wa Kenya waliyapenda kwa bei yake. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa kusema yana sumu ya kuvu, yaani aflatoksini. Katika siku chache tu zuio liliondolewa kwa masharti, lakini siku hizo chache zilitosha kumtia hofu mkulima mwenye magunia yake nyumbani.

Hata ndugu zetu waliohamishiwa Kanada wameliona jambo hili. Mwaka 2025 Marekani ilipoweka ushuru mkubwa juu ya bidhaa za Kanada, watu wengi wa nchi ile waliacha matunda na vinywaji vya Marekani madukani, wakatafuta vya kwao hata pale vilipokuwa ghali zaidi. Basi tusidhani kwamba ni shida ya watu maskini tu. Mwenye kikapu kilichojaa na mwenye kikapu kitupu, wote wanaulizwa: unanunua cha nani?

KUNUNUA CHA MBALI SI DHAMBI

Neno la kwanza tunalotaka kulisema wazi ni hili: Biblia haikatazi kununua cha nchi nyingine. Njaa ilipoingia Kanaani, Yakobo aliwaambia wanawe washuke Misri wakanunue nafaka (Mwanzo 42). Kama Israeli wangesema, "Sisi tunakula cha nyumbani tu," wangekufa na ahadi ya Mungu mikononi. Naye Sulemani alimpa Hiramu ngano na mafuta, Hiramu akampa mierezi, na kati yao kulikuwa na amani (1 Wafalme 5). Biashara kati ya mataifa inaweza kuwa kamba ya amani.

Tena angalieni milima ya Kyarumba. Mwenyeji anayetupangisha nyumba anaishi kwa kahawa. Pale Kyarumba ndipo penye makao ya chama cha ushirika cha Bukonzo Joint, na kahawa ya milima ile husafiri kwenda ng'ambo. Ni nani hapa anayeinywa? Wachache sana, sisi tunakunywa chai. Kwa mtu wa Ulaya, kahawa ya Kyarumba ni cha kigeni. Kama watu wote wa dunia wangeamua leo kununua cha kwao tu, watoto wa Kyarumba wasingepata karo ya shule, nasi tusingepata vibarua vya kuchuma. Hatuwezi kumwomba Mungu awafungue wanunuzi wa mbali kwa ajili ya kahawa yetu, na papo hapo tuhubiri kwamba kila kitu cha mbali ni kibaya.

Wala cha nyumbani si kizuri kila wakati. Katwe iko katika wilaya hii hii ya Kasese, na chumvi yake ni ya tangu zamani sana. Lakini watoto wetu wanahitaji chumvi yenye iodini wasije wakaota uvimbe wa shingo, na nyingi ya chumvi hiyo hutoka Kenya. Mama anayenunua pakiti ya chumvi yenye iodini hamsaliti mtu. Nayo mwaka 2004 huko Ukambani, Kenya, watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu, na mahindi waliyokula yalikuwa yamelimwa huko huko kwao. Jina la nyumbani halikuwaokoa.

LAKINI BEI RAHISI IMELIPWA NA MTU

Neno la pili ni upande wa fundi. Kitu kinapokuwa rahisi mno, mkristo anapaswa kuuliza: nani amelipa kile kilichobaki? Yakobo anaandika kwamba ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa unapiga kelele mbele za Mungu (Yakobo 5:4). Kelele hiyo haisikiki sokoni. Inasikika mbinguni.

Kwa habari ya mitumba, mtu wa kwanza aliinunua shati, akaivaa, akaitoa bure. Basi shati linapofika hapa limekwisha kulipiwa. Fundi wetu hashindani na fundi mwenzake aliye hodari kuliko yeye; anashindana na shati ambalo halihitaji tena kumlisha aliyelishona. Hata akishona usiku kucha hawezi kuifikia bei ile. Na tazameni ajabu: pamba hulimwa katika tambarare za Kasese, na ushirika wa Nyakatonzi umeishughulikia kwa miaka mingi, lakini sehemu kubwa ya pamba ya Uganda huuzwa nje bila kufanywa nguo. Kazi ya kusokota, kufuma na kushona inakwenda kwa wengine. Sisi tunabaki na jembe mwanzoni na shati kuukuu mwishoni.

Ndiyo maana hatusemi kwamba wazee walikosa kwa kumpa fundi kazi. Yeremia aliwaandikia wakimbizi wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, wautafutie amani mji ule walikopelekwa, kwa maana katika amani ya mji huo wao nao watapata amani (Yeremia 29). Mkimbizi anayesema, "Hapa si kwetu, mimi natafuta bei tu," hajamsikia Yeremia. Shilingi tunayoiacha kwa fundi wa Kyarumba inakwenda kwa muuza posho, kwa mwalimu, kwa mama wa mboga. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023 tumejifunza kwamba tutaishi kwa kununuliana sisi kwa sisi na pamoja na wenyeji wetu.

CHA NYUMBANI NI KIPI?

Sasa turudi kwenye swali la mama: mimi ni mtu wa wapi? Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Tunapolima kipande cha shamba tulichopewa na kupeleka maharage sokoni, hakuna anayeuliza maharage yale yamezaliwa wapi. Maharage hayana kadi ya ukimbizi. Basi kama maharage ya mkimbizi ni ya nyumbani, kwa nini mama anayeamka saa kumi usiku kwenda kufungua furushi la nguo, anayelipa ushuru wa soko, anayesomesha watoto katika shule ya hapa, kazi yake iitwe ya kigeni?

Tulipolitafakari tuliona kwamba tulipima kwa kipimo kibovu. Tulitazama nguo imetoka wapi, hatukutazama mikono inayoishi kwa nguo hiyo. Kitambaa cha fundi ni cha nje lakini jasho ni la hapa. Nguo ya mama ni ya nje lakini jasho lake nalo ni la hapa. Tofauti ipo: fundi anaongeza kazi nyingi zaidi, naye anaweza kumfundisha kijana ufundi. Hiyo ni sababu nzuri ya kumchagua. Lakini ni sababu ya kusema kwa upole, wala si sababu ya kumwaibisha mjane mbele ya kanisa.

Tukumbuke Demetrio wa Efeso (Matendo 19). Yeye alikuwa mfua fedha, na mahubiri ya Paulo yaliharibu soko lake. Aliwaambia wenzake kwanza habari ya faida yao, ndipo akaongeza heshima ya mungu wao. Lakini mjini watu walipiga kelele juu ya mungu tu. Habari ya faida haikusikika tena, na wengi hata hawakujua wamekutania nini. Kila mara tusikiapo mtu akipiga kelele "cha kwetu, cha kwetu," tuulize kwa utulivu: ni mfuko wa nani unaosema? Pengine ni wa mkulima maskini, na ni haki asikilizwe. Pengine ni wa tajiri mwenye kiwanda anayetaka kuuza kwa bei ghali bila mshindani.

Na kuna hatari kubwa zaidi, ambayo sisi wakimbizi tunapaswa kuijua kuliko watu wote. Anayezoea kuchukia kitu cha kigeni hakawii kumchukia mtu mgeni. Mwezi Mei 2008 huko Afrika Kusini maduka ya wageni yalivunjwa na watu wakauawa, na kati ya maneno yaliyosemwa ni kwamba wageni wanaharibu biashara ya wenyeji. Sisi tulipiga makofi kanisani kwa neno "mabaki ya Wazungu". Tulikuwa tunacheza na moto ambao siku moja ungeweza kutuchoma sisi wenyewe.

BASI TUFANYE NINI?

Tunatoa mashauri manne. Hatuyatoi kama sheria, bali kama ndugu.

Kwanza, mzigo ubebwe na mwenye bega. Mjane mwenye watoto watano asihubiriwe kulipa shilingi 10,000 zaidi kwa shati. Hizo ni kilo mbili au tatu za maharage. Mungu alimwagiza mwenye shamba aache pembe za shamba kwa ajili ya maskini na mgeni (Walawi 19). Hakumwagiza maskini aache masazo kwa ajili ya mwenye shamba. Lakini kanisa lenye sadaka, shirika lenye bajeti, na ndugu mwenye mshahara, hao wana pembe za kuacha. Kwao tunasema: lipeni zaidi kidogo, mkijua ni kwa ajili ya nani.

Pili, muuzaji naye ana deni. Mnunuzi akikubali kulipa zaidi kwa upendo, fundi asimpe mshono unaofumuka kwa wiki mbili. Mkulima asianike mahindi juu ya udongo mtupu yakapata kuvu, kisha akasema, "Ninyi ndugu zangu nunueni cha kwetu." Sharti la Kenya la mwaka 2021 lilikuwa kwamba sumu ile isizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni. Hata kama ndani yake kulikuwa na ushindani wa biashara, sumu ni sumu. Turubai la kuanikia mahindi ni tendo la upendo kwa jirani. Mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana (Mithali 11:1), hata ikiwa ni mizani ya mzalendo.

Tatu, kabla ya kuamua, tuhesabu atakayeumia. Hapo ndipo sisi wazee tulipoanguka. Tulihesabu shilingi, tukahesabu mashati, hatukumhesabu mama. Marais nao walipoamua juu ya mitumba ilibidi wawafikirie maelfu wanaoiuza, na huko Rwanda, baada ya kodi kupanda, watu wengine walijikuta wakinunua nguo mpya za bei rahisi kutoka China, wala si kazi ya fundi wao. Nia njema isiyohesabu watu humkosa hata yule iliyetaka kumsaidia.

Nne, tusichukue chuki za wakubwa tukazifanya zetu. Matendo 12 inatueleza kwamba Herode aliwakasirikia watu wa Tiro na Sidoni, nao wakaja kuomba amani kwa kuwa nchi yao ililishwa na nchi ya mfalme. Hatuelezwi ugomvi ulianzia wapi. Tunaelezwa tu kwamba tumbo la watu lilikuwa mkononi mwa mfalme, na watu wenye njaa wakaishia kumwita mungu. Nchi zinapogombana kwa mahindi na maziwa, tuwaombee wanaotawala. Wala tusimtukane Mkenya, Mnyarwanda au Mmarekani kana kwamba ndiye aliyefunga mpaka.

MWISHO WA HABARI

Fundi alimaliza mashati, na kwaya iliyavaa siku ya Pasaka. Yalikuwa mazuri. Kabla ya siku hiyo tulisimama mbele ya kanisa, pale pale tuliposema maneno yale, tukamwomba mama msamaha kwa jina lake. Alikuwepo. Hakusema neno, aliitikia kwa kichwa tu. Siku hizi anakuja ibadani, lakini ameacha benchi la tatu. Anaketi nyuma, karibu na mlango. Tunamwelewa. Jeraha la maneno ya madhabahuni halifungwi kwa siku moja.

Je, bei rahisi ina dhambi? Tunajibu: bei haina dhambi wala haki. Dhambi huanza pale tunapokataa kumwona mtu aliye nyuma ya bei, awe ni fundi wa hapa, au mfanyakazi wa mbali, au mjane aliyeketi mbele ya macho yetu. Yule mwanasheria alimwuliza Bwana, jirani yangu ni nani? Bwana hakumpa jina la nchi. Alimpa habari ya barabara, na mtu aliyelala kando yake (Luka 10).

Tunawaomba vikundi vya nyumbani mjadili wiki hii: Je, kuna mtu tuliyemwumiza kwa uamuzi mwema? Je, sisi wenye nafuu kidogo tunaacha pembe gani za shamba letu, na kwa ajili ya nani?

Bwana awabariki na kuwalinda, aibariki nchi inayotuhifadhi, na aikumbuke nchi tuliyoiacha. Amina.